Kemshafti ya Bibi

Kuna jambo moja nililolibeba miaka yangu yote ya ufundi na ambalo naondoka nalo bila jibu: ni nani aliyeisaga kemshafti ya Bibi, na je, alijua alichokuwa akifanya au mkono wake ulikosea tu?

Kaeni karibu niwaambie. Hilary, vuta hicho kigoda uje hapa, usikae mlangoni kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Dorkasi, wewe mkubwa, kaa upande huu wa dirisha, na uache kunitazama kifua kila ninapovuta pumzi, kwa sababu pumzi nilizobakiza zinatosha kwa maneno haya na sitazitumia kwa mengine. Mama yenu Cresensia ameshayasikia, maana miaka yote tuliyoishi pamoja sikuwahi kuamua jambo la nyumba hii bila kulipitisha kwake kwanza. Na Sairowua mnamwona, ametoka kwake Nainokanoka na baridi ya kule bado iko kwenye shuka lake, kwa sababu nilimwomba awe shahidi. Yeye si wa ukoo, harithi kijiko wala jembe, na akisema Sylvesta alisema hivi, hakuna atakayedhani anajipendelea.

Pale juu ya meza, kwenye kipande cha gunia, zimelala kemshafti mbili. Moja ni ya zamani, ya Bibi. Nyingine ni ile mpya aliyoiagiza Hilary kutoka nje kwa akiba yake mwenyewe. Huko uani Bibi, gari letu, amekaa boneti wazi, injini imefunikwa turubai, kwa kuwa jana nilimwambia Dorkasi aifungue na kuitoa hiyo mpya, lakini asirudishe kitu mpaka niseme. Ninyi wawili hamjasemezana tangu gari lirudi likiburutwa kutoka kreta ya Ngorongoro. Mnaombana chumvi kupitia kwa mama yenu. Nimelala hapa nikiusikia ukimya wenu ukipita ukutani, na nawaambia kweli, unanichosha kuliko huu ugonjwa. Dorkasi amesema gari liuzwe na kila mtu achukue chake aende zake.

Sairowua, rafiki yangu, wewe injini unaijua kwa sauti tu, kwa hiyo nikueleze kidogo ili ushahidi wako uwe kamili. Injini inapumua. Ina milango midogo inaitwa valvu, mingine ya kuingiza hewa na mingine ya kutoa moshi. Kemshafti ni hiyo fimbo ya chuma yenye vinundu. Inapozunguka, kila kinundu kinausukuma mlango wake ufunguke, kisha kinauachia ujifunge. Kinundu kikiwa kinene, mlango unafunguka sana na unakaa wazi muda mrefu. Kikiwa chembamba, unafunguka kidogo na kufungwa mapema. Na turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi ule unaotoka, ili nayo isukume hewa mpya iingie kwa nguvu. Lakini moshi ukiwa kidogo, feni imelala. Injini ikianza kukaza, ndipo inaamka. Ukilijua hilo umejua ugomvi wote wa nyumba hii.

Bibi nilimpata mnadani, enzi ambazo Landkruza zenye turbo zilikuwa chache Karatu na watu walikuja gerejini kusikiliza tu ile filimbi yake. Dorkasi ndiye aliyelipatia gari jina hilo, akiwa bado anajifunza kusema, kwa sababu lilikuwa halina haraka na kila siku lilijaa akina mama wanaokwenda sokoni. Mwaka wa kwanza gasketi ya hedi iliungua, nikaifungua injini, na ndipo nilipoona vile vinundu. Vilikuwa vyembamba kuliko vinavyotakiwa. Nilidhani vimelika, kama vinavyolika kwenye gari lisilobadilishwa oili, nikapitisha kidole, nikakuta vimesagwa kwa mashine na kung'arishwa vizuri, vyote sawasawa, kazi ya mtu aliyetulia. Kila fundi duniani akiigusa kemshafti huiongeza. Huyu aliipunguza.

Nikauliza. Nilikwenda Arusha kwa wale wanaosaga krenki, nikaenda hadi Moshi. Mzee mmoja aliizungusha mkononi akacheka, akaniambia, "Sylvesta, huyu alikuwa amelewa, bahati yake pombe ilimpa mkono mtulivu." Mwingine, kijana tu, alikaa nayo mkononi mpaka chai yake ikapoa, kisha akasema, "Huyu alikuwa anaishi mlimani." Niliwatafuta waliokuwa na gari kabla yangu. Mmoja alikuwa amekufa, mwingine alihamia Digodigo na nilipomfikia aliniapia kwamba hakuwahi hata kufungua boneti zaidi ya kuweka maji. Basi nikaishia hapo. Niliirudisha kama nilivyoikuta, kwa sababu sikuwa na nyingine, na sitajifanya kwamba ilikuwa hekima.

Kilichofuata, Sairowua anakijua. Ulikuwa mwaka wa zile mvua kubwa, mvua za Elnino, barabara zilipokatika kila mahali na kule juu njaa ikaingia maboma kwa sababu hakuna gari lililopanda na unga. Mimi nilikuwa nimevuna Endamarariek. Nikapakia mahindi mpaka springi zikalia, nikapita geti la hifadhi, nikauanza ule mlima wa msituni ambao siku nzuri tu magari yanaupanda yakihema. Ukungu ulishuka mzito kiasi kwamba sikuona nembo ya gari iliyokuwa mbele ya pua yangu. Nikasimama. Nikamwona mtu ametokea ukunguni, shuka jekundu na fimbo, akagonga dirisha. Nikashusha kioo. Akaniuliza, "Wewe umebeba nini?" Nikasema mahindi. Akasema, "Basi mimi natembea, wewe fuata. Ukinipoteza, umepoteza barabara."

Akatangulia. Wanangu, msidhani hilo ni jambo dogo kwa gari. Mwendo wa mtu anayetembea, kwenye tope, mlimani, mzigo umejaa, juu kule ambako hewa yenyewe ni nyembamba na injini inaitafuta kama mimi ninavyoitafuta sasa. Ukikanyaga mafuta utamgonga aliyekutangulia. Ukiachia, gari la kawaida linakata pumzi, linazima, na ukizima hapo unarudi kinyumenyume kwenye korongo. Nilingoja Bibi azime. Hakuzima. Alikuwa akinguruma chini kabisa, polepole, kama mtu anayejiimbia akipalilia, na kila Sairowua alipopunguza mwendo kwa sababu ya jiwe au shimo, Bibi naye alipunguza, na alipoongeza, aliongeza. Tulipanda hivyo mpaka juu. Tulipofika, huyu bwana aligeuka akaligusa boneti kwa kiganja, kama anavyogusa ng'ombe aliyevuka mto, akaniita kama Wamaasai wanavyoitana, akasema, "Ero, hii yako haina kiburi." Sijawahi kusikia fundi yeyote akiisifia injini kwa maneno yaliyotimia kama hayo.

Cresensia, nipe maji. Kidogo tu. Ahsante.

Tangu siku hiyo tumekuwa ndugu. Ameniambia mara nyingi kwamba humsikia Bibi kabla mbwa wake hawajamsikia, na mimi nimelala kwake nikanywa maziwa yake siku ambazo kwangu hapakuwa na maziwa. Na usiku mmoja, baada ya safari nyingi, nikiwa nasoma kile kitabu cha injini alichoniachia mgeni mmoja wa Kijerumani, kilichochanika jalada, nikaelewa walau nusu ya fumbo. Vinundu vyembamba vinaufunga mlango mapema. Hewa kidogo iliyoingia inabaki ndani, hairudi nje, kwa hiyo moto unashika hata turbo ikiwa bado imelala. Nusu iliyobaki, ya nani na kwa nini, sikuielewa. Inawezekana alikuwa mtu mwenye akili kubwa aliyeujua mlima wetu. Inawezekana alikuwa mtu mchovu aliyeweka kipimo vibaya, akasaga kupita kiasi, akaona aibu, akanyamaza, na kosa lake likatulisha miaka yote hii. Ukitazama chuma huwezi kuona tofauti. Nimesoma vitabu vingi kwa fundi wa Karatu, na hakuna hata kimoja kilichonifundisha kutofautisha mambo hayo mawili.

Hilary, nainua macho yangu kwako sasa. Usiinamishe kichwa.

Uliponiambia unataka kubadilisha kemshafti, nilikuwa bado natembea. Nawakumbuka mkibishana gerejini, nikiwa nimekaa juu ya tairi nikicheka kimoyomoyo. Ulisema, "Dada, Bibi anatembea kama anakwenda kusuka nywele." Dorkasi akakujibu bila kutoa kichwa chini ya gari, "Na wewe unataka aende kama amemwagiwa maji ya moto." Ukasema wageni wa siku hizi wanataka kufika haraka. Akasema wageni wa siku hizi wanataka kufika wakiwa hai. Yalikuwa maneno ya utani, na utani ule ndio ninaoukosa hapa kitandani. Kisha mimi nikaanza kulala hospitali, na wewe ukaifunga ile mpya. Nimeikagua kazi yako kwa macho ya Dorkasi jana, maana nilimwambia anieleze kila alichokiona. Ulipima kila valvu isiguse pistoni. Ulibana kila boliti inavyotakiwa. Dorkasi mwenyewe, pamoja na hasira zake, aliniambia kazi ni safi. Hakukwambia wewe. Nakwambia mimi kwa niaba yake.

Ukashuka nayo hadi Makuyuni kuijaribu. Ukanipigia simu nikiwa wodini, ukaitoa simu dirishani, ukapiga kelele, "Mshua, sikiliza hiki chuma!" Nikasikiliza. Ile barabara imenyooka kuelekea Mto wa Mbu, haina kilima, gari halina mtu, hewa ya chini ni nzito na turbo imeamka tangu mwanzo. Ilikuwa sauti nzuri, sitasema uongo. Wagonjwa wenzangu waliisikia wakatabasamu. Na hapo ndipo ulipoteleza, mwanangu, na si wewe peke yako. Nimeona madereva wazima wa mji huu wakifanya hivyo hivyo. Tunaishi mlimani, tunakula kwa mlima, lakini tukitaka kulijua gari tunashuka kulijaribu bondeni, kwa sababu bondeni ndiko lami ilikonyooka na ndiko gari linakotupendeza.

Siku ile ukatoka kreta na wageni sita, kwenye barabara ya kupandia, ukungu umeshuka, mbele yako gari bovu linapanda kama kinyonga. Ukalazimika kwenda mwendo wa kutembea. Vinundu vinene vikachelewa kufunga mlango, hewa iliyoingia ikarudishwa nje, turbo haikuwa na moshi wa kuiamsha, injini ikatoa moshi mweusi, ikatetemeka, ikazima. Bibi akarudi nyuma. Ulimwegesha kwenye ukingo wa udongo, na wote walishuka wazima, na hilo nalisema mbele ya shahidi: mkono wako ndio uliowaokoa wale watu. Wageni walilia. Kampuni iliyokuwa ikitukodi ikasema basi. Naye dada yako akakwambia mbele ya majirani maneno ambayo sitayarudia, kwa sababu anayajua, na nadhani yanamuuma yeye kuliko wewe.

Dorkasi, ulisema hivyo kwa hofu. Wewe ndiye uliyepokea ile simu, na kwa muda mfupi kabla hawajakwambia kwamba yuko mzima, ulidhani huna tena mdogo wako. Hasira yako ni ile dakika, haijatoka mwilini. Haina uhusiano na gari. Ukiuza gari, itabaki.

Sasa nijibu swali, maana Hilary anastahili jibu la fundi wala si la baba tu. Je, inafaa kuweka kemshafti kubwa kwenye injini yenye turbo? Injini isiyo na turbo inajivutia hewa yenyewe, kwa hiyo kuipanulia milango ni miongoni mwa njia chache za kuiongezea nguvu. Yenye turbo inasukumiwa hewa. Kwa hiyo kabla ya kuigusa kemshafti kuna mengi ya kufanya yenye faida zaidi: hewa ipozwe vizuri kabla ya kuingia, bomba la moshi lipanuliwe, turbo yenyewe iwe sahihi, dizeli ipimwe upya. Ukishafanya yote hayo, na injini ikiwa kwenye kasi kubwa bado inabanwa pumzi, hapo kemshafti kubwa inafaa, na inafaa sana. Lakini liwe gari la kukimbia, lililo jepesi, ambalo dereva wake hatalazimika kumfuata mtu kwa miguu. Kwa gari la kubeba watu na magunia kupanda Ngorongoro, haifai. Nguvu inayoongezwa juu, kwenye kasi kubwa, inakatwa chini, kwenye mwendo wa polepole, na sisi maisha yetu yote yako chini. Hukukosea kuitamani, Hilary. Uliiweka kwenye gari lisilo lake.

Kwa hiyo sikieni ninavyoamua, na Sairowua uyashike.

Kemshafti ya zamani irudi kwa Bibi leo hii, jua likiwa bado juu. Hilary ndiye atakayeirudisha kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyeitoa, na Dorkasi atakaa upande wa pili wa injini ampe spana na kushika alama za mkanda zisihame. Hamtazungumza kupitia kwa mama yenu. Boliti haiwezi kubanwa kwa kuagizana. Ile mpya isiuzwe wala isitupwe. Ipakwe oili, ifungwe kwa kitambaa, iwekwe juu ya ile injini ya akiba iliyoko nyuma ya gereji. Injini hiyo nampa Hilary. Siku atakapolijenga gari lake la kukimbia, dada yake amsaidie, na wasilijaribu Makuyuni tu.

Bibi asiuzwe. Ni wa ninyi wawili. Mmoja aendeshe, mmoja afungue injini, na asiwepo wa kumwuza bila mwenzake kukubali mbele ya mama yenu. Gereji ni ya Dorkasi. Najua watakuja watu wa ukoo kuuliza tangu lini binti akarithi gereji, waambieni waende wakaulize magari. Nyumba hii ni ya Cresensia mpaka atakapochoka nayo, kisha iwe ya Hilary, kwa kuwa ni kitindamimba na ndivyo tulivyofanya kwetu tangu zamani. Shamba la Endamarariek msiligawanye, limeni pamoja mahindi na maharage ya ngwara, vile baba yangu alivyopenda. Ng'ombe wangu walioko kwa Sairowua wabaki kwa Sairowua, maziwa ni yake; mkihitaji mmoja kwa shughuli, mwombeni, msimdai.

Liko na lile la mpaka. Mdogo wangu Wilibrodi na mimi tumeishi tukiwa hatusalimiani kwa ajili ya kile kipande cha ukingo penye mikonge. Kila mmoja wetu alionyeshwa mpaka na baba kwa siku yake, na leo, nikiwa sina pa kwenda, nafikiri huenda mzee alituonyesha mahali tofauti, kwa kuwa alikuwa ameanza kutoona vizuri. Basi hakuna aliyedanganya. Mikonge ibaki ilipo. Mfuateni Wilibrodi leo jioni mkamwambie kaka yake anamwita, na kama nitakuwa nimeshalala asinione macho yakiwa wazi, mwacheni akae hapa kitandani hata hivyo.

Kuhusu kunizika. Padri ameshanipaka mafuta, hilo limekwisha. Mtanipeleka Endamarariek, juu ya shamba, karibu na mama yangu. Bibi ndiye atakayenibeba. Mnaujua ule mlima kutoka barabara kubwa hadi nyumbani, udongo mwekundu, mvua ikinyesha unakuwa sabuni. Hapo ninawaomba jambo moja, na ndilo kubwa kuliko mashamba na gereji: asikimbie. Sairowua atatangulia kwa miguu, kama alivyotangulia mwaka ule, watu wamfuate yeye, na Bibi afuate mwendo wao mpaka mlangoni. Nimeona mazishi ya siku hizi, jeneza linakimbizwa vumbi likitimka kama mzigo wa vitunguu unaowahi soko kutoka Baray, na wazee wanaachwa nyuma wakifuta macho. Mimi nataka kwenda nyumbani kwa mwendo ambao mama yenu ataweza kuutembea. Hilary ndiye atakayeshika usukani, ili watu wote wamwone, na yule aliyemcheka wakati gari lilipoburutwa aone pia.

Nimechoka. Subirini, msiondoke bado.

Baba yangu alipokuwa amelala kama hivi alituombea slufai, ile dua yetu ya Wairaqw, na sisi tukaitikia kila neno mpaka nyumba ikajaa. Mimi siikumbuki yote. Nitaomba ninachokikumbuka, nanyi itikieni mnavyojua. Looaa, mama yetu wa juu, tazama nyumba hii. Mvua ije kwa wakati wake na isiondoke na udongo. Ngwara ishike maua. Ng'ombe wa Sairowua wapate nyasi, na nyayo zao zisifutike kule juu. Watoto hawa, midomo yao ifunguliane. Mkono wa mmoja usipungue kazini kwa sababu mkono wa mwingine haupo. Yule aliyeisaga kemshafti, popote alipo, akiwa mwerevu apate thawabu, na akiwa alikosea apate kujua kwamba hatukuanguka. Itikieni. Ndiyo. Hivyo hivyo.

Nendeni sasa. Chukueni hiyo ya zamani kwa mikono miwili, vinundu visiguse ukuta.

...

Nililala. Usinidanganye, Cresensia, nililala. Kivuli cha dirisha kimeshafika kwenye kabati. Nimesikia spana katika usingizi. Nilidhani ni mimi ninayefanya kazi. Kulikuwa na mtu anacheka, nani alikuwa anacheka? Dorkasi? Alisemaje? Rudia... "Shika taa sawasawa, wewe dereva wa Makuyuni." Ah. Na Hilary akasemaje? ... Alicheka pia. Basi sawa.

Nyamaza. Hiyo ni nini?

Sikia. Imewaka. Iko chini, chini kabisa. Hiyo ni yenyewe, ningeijua hata nikiwa kaburini. Nani yuko nje? Sogeza pazia, niambie, macho yangu yanaona mwanga tu. Wanapanda kile kinjia cha nyuma ya nyumba, kile cha mteremko mkali? Sairowua yuko mbele na fimbo. Najua, yeye haambiwi mara mbili. Na Hilary yuko kwenye usukani.

Hayuko? Ni Dorkasi anayeendesha?

Na Hilary yuko wapi, Cresensia? ... Anatembea. Anatembea na Sairowua, bega kwa bega, anautazama mguu wa rafiki yangu. Anajifunza mwendo.

Mimi nilisema vingine. Basi iwe hivyo, wameamua vizuri kuliko nilivyoamua. Waambie nimekubali. Waambie iwe hivyo hata siku ile ya kunizika: Dorkasi aendeshe, na kijana atangulie kwa miguu pamoja na rafiki yangu, alinganishe mwendo na wazee.

Haijakohoa. Unasikia, haijakohoa hata... Wabarikiwe wote wawili. Usiwaite warudi. Waache wafike juu kwanza.